Kilasi ya Muzee Habiyaremye

Balagizi alipoliona lile basi dogo kuukuu likivutwa kwa kamba kuingia kwenye gereji yake ya Majengo, alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Nyuma ya usukani alikaa Muzee Habiyaremye, aliyemfundisha ufundi, kisha akamfukuza.

Miaka tisa nyuma, injini ya mteja ilikufa kwa sababu mtu aliimwagia maji baridi ikiwa inatokota. Muzee alitangazia mtaa mzima kwamba mtu huyo ni Balagizi. Uongo mtupu! Balagizi siku hiyo alikuwa chini ya lori jingine. Tangu hapo watu walimletea matairi, injini wakapeleka kwingine. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yake mzazi aliamini, na mpaka leo akimwona mwanawe ameshika ndoo, huguna. Kinyongo hicho Balagizi alikilea kama watu wanavyolea mbuzi wa sikukuu.

Sasa macho ya Muzee yalikuwa yamefifia, gereji yake imefungwa, na mafundi wawili wameshakataa kuligusa basi lake.

“Ilichemuka pale Munigi, nikitoka kubeba viazi,” alisema. “Angalia tu jointi, mutoto wangu.”

Mtoto wake! Balagizi akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa yamegeuka chai ya maziwa. Akafungua rejeta, akakuta tabaka jeupe la chumvi ya maji ya ziwa limeziba mirija. Injini ilipozungushwa, mapovu yakapanda. Jointi, yaani gasketi ya injini, ilikuwa imeungua, hilo halikuhitaji miwani. Lakini Balagizi alitaka kuona kilichoiunguza.

Mafundi wa Majengo wana desturi moja: kilasi, yaani kile kichwa cha injini, hainyanyuliwi mpaka mwenye gari na mafundi wa jirani wasimame hapo, asije mtu akadai vipuri vyake vimebadilishwa. Kwa kawaida wanatosha watatu. Balagizi aliita kumi na mmoja.

Aliinyanyua polepole, akaisugua, akailaza rula ya chuma juu yake. Mwanga ulipita chini ya rula. Kilasi ilikuwa imepinda. Na katikati ya vali mbili ulikuwepo ufa mwembamba. Kila aliyesimama pale aliujua ufa wa namna hiyo.

“Muzee, nani alitia maji ya baridi?”

Habiyaremye alitazama viatu vyake. “Ni miye. Nilikuwa na haraka.”

“Na ile motere ya muteja, miaka tisa nyuma?”

Balagizi alifuta mikono na kuketi juu ya tairi. Alijisikia vizuri sana, wala hakuona aibu kujisikia hivyo.

“Ile pia ni miye,” Muzee alisema mwishowe. “Niliogopa kupoteza wateja.”

Mafundi walitazamana. Balagizi alidhani hapo roho yake ingetulia. Haikutulia hata kidogo.

“Nitakutafutia kilasi ingine, nitasafisha rejeta, nitafunga muzuri kuliko vile ulinifundisha. Lakini sigusi hata nati moja mpaka uende kwanza Mabanga kwa mama yangu, umuambie vile umetuambia.”

“Balagizi, niko muzee. Kule ni mbali na miguu.”

“Basi uanze sasa, Papa.”

Muzee akaondoka, akijikwaa kwenye mawe meusi ya barabara. Saa nzima Balagizi hakushika spana. Kisha simu ikalia. Alikuwa mama yake.

“Mutoto wangu, Habiyaremye iko hapa mulangoni. Ameniambia yote. Unisamehe, miaka yote hii nilikuhukumu bure.” Akavuta pumzi. “Iko analia, maskini. Nimuingize ndani, nimupe kiti?”

Balagizi aliitazama ile kilasi iliyopasuka.

“Hapana, mama. Asimame hapo inje, aseme tena. Uite kwanza majirani.”