Macho ya Baba na Boneti ya Bluu

Nikipita karibu na gereji nikanusa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, mkono wangu hupanda wenyewe hadi shavu la kushoto. Msinicheke. Harufu hiyo inayowaumiza wengine kichwa, mimi hunirudisha Mishomoroni, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, ambako baba alikuwa akipiga magari rangi.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mwanafunzi, mafuta ya mahamri yalinirukia usoni. Kidonda kilipona, kovu likabaki, nami nikakataa katakata kurudi shule. Jina langu ni Kadzo, kwetu Wagiriama maana yake ni kitu kizuri, na nilijua wenzangu darasani wangepata utani wa bure. Kioo cha mama nilikigeuzia ukutani. Mama alibembeleza, akagomba, akaniombea kanisani kwa sauti hadi nikatamani ardhi inimeze. Baba aliendelea na magari yake.

Asubuhi moja aliniita.

"Kadzo!"

"Abee, baba."

"Njoo unisaidie. Macho yangu yashachoka na kazi hii."

Uwanjani palikuwa na gari la bluu alilokuwa amelipuliza rangi siku chache kabla. Kwangu mimi lilikuwa linang'aa vya kutosha, kwa hivyo nilishtuka kumwona akilimwagia maji ya sabuni na kulisugua kwa msasa laini. Maji yalitiririka meupe kama ya kuoshea mchele, na bluu yote ikafifia. Nilidhani ameliharibu gari la watu. Akacheka, akaniambia rangi mpya ina vipele, na visiposagwa haing'ai sawasawa.

Kisha akachukua polishi na kitambaa, akasugua boneti polepole, jasho likimdondoka puani.

"Haya, inama hapo. Waona nini?"

"Mnazi."

"Na nini tena?"

"Mimi."

"Hilo kovu lako, laonekana vipi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo ana kwa ana. Nilitaka kulia, lakini yeye alishika kitambaa chake akingoja jibu, kama mtu aliyeuliza kama chai imechemka. Nikainama.

"Lina ukungu."

"Basi bado."

Tuliendelea hivyo hadi jua likawa la utosini. Kila akipumzika aliniuliza: lianzia wapi, laishia wapi, ukingo wake waonekana au wajificha? Nilimjibu kwanza kwa kununa, baadaye kwa ukali wa msimamizi, nikimwamrisha arudie hapa, aongeze pale. Mwishowe nililiona lote, hadi mkunjo wake mdogo karibu na taya. Lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nikilifikiria.

"Sasa laonekana."

"Basi gari tayari."

Jumatatu nilivaa sare. Walinitania, ndiyo, nami nikalia chooni. Jumanne nikaenda tena.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile mimi ndiye niliyekuwa macho ya baba. Juzi nilikwenda kumwamkia, nikamkuta barazani akisoma Biblia yake ya maandishi madogo kama sisimizi, bila miwani. Mzee wa umri ule! Nilisimama nikamtazama.

"Baba, macho yako yalipona lini?"

Akafunua ukurasa mwingine, bila kuinua kichwa.

"Uliporudi shule."