Mtoto wa Tajiri Haliliwi

Asubuhi niliyoondoka Samuye nilikuwa nimetumwa kupeleka jembe kwa mhunzi. Jembe nililifikisha, miguu ikaendelea mbele. Sikuwa na ugomvi na mtu nyumbani, wala sikuwa na mahali pa kwenda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: nikisikia kelele nyuma ya ukuta, lazima nizunguke nione kuna nini.

Ndivyo nilivyonaswa mjini, mtaa wa Ngokolo. Nyuma ya ukuta wa ghala kuukuu la pamba kulikuwa na mtu anayelia, kisha watu wakacheka, kisha yule yule akalia tena kwa sauti ile ile, kama mtu anayerudia kazi. Nikachungulia. Kilikuwa kikundi cha sanaa kikifanya mazoezi. Mwanamume mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, akaniona mlangoni.

"Wewe, ingia au toka. Umetuzibia mwanga."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hebu sema kwa nguvu: 'Nani kafungua zizi langu?'"

Nikasema kama nilivyozoea kusema ng'ombe wakiingia shamba la watu. Mazoezi yakasimama.

"Huyu ndiye baba," akasema yule mwembamba. "Nilikuwa namtafuta, kaja mwenyewe na vumbi lake."

Wote walimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha kabla ya kuacha kazi na kuanza kuandika michezo. Kikundi kililala mle mle ghalani, nami nikapata kona yangu. Ugali ulikuwepo, na mtu wa kuniuliza natoka wapi hakuwepo. Nikabaki.

Mchezo aliokuwa akiuandika ulihusu mzee tajiri, mwenye ng'ombe, malori na machimbo ya dhahabu, na mwanawe wa kiume anayekunywa hadi kulala mtaroni. Mimi nilikuwa baba. Mtoto alichezwa na mchekeshaji wa kikundi, mtu mfupi ambaye watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Siku ya kwanza nilidhani ni hadithi ya kubuni. Siku ya pili mtoto mwenyewe akaingia.

Alikuwa kijana wa umri wangu, viatu vimepigwa rangi vizuri, macho mekundu. Alikaa juu ya robota la pamba, akaanza kusimulia, na Mwalimu akawa anaandika. Mji mzima ulimjua. Akigawa pesa barabarani, watu walizipokea kwa mikono miwili. Akianguka, walimruka na kusema: shibe hiyo.

Niliyoyasikia mle ghalani sijawahi kuyasikia mtaani. Kaka yake mkubwa alikuwa msimamizi wa duara moja la baba yao upande wa Geita. Duara ni shimo la wachimbaji, linashikiliwa na miti wanayoiita matimba. Matimba yalikuwa yameoza. Kaka akamwambia baba, baba akasema yatavumilia hadi mwamba wa dhahabu uishe. Hayakuvumilia. Kaka akabaki chini pamoja na wachimbaji aliokuwa nao. Watu walifukua, mvua ikanyesha, shimo likajaa maji, wakaacha. Kisha mzee akaamuru duara jipya lichimbwe pembeni, kufuata mwamba ule ule. Matanga hayakuwekwa. Mama yao alikwisha kufa zamani, hakukuwa na wa kulazimisha.

"Baba alisema msiba bila maiti ni maneno tu," kijana alituambia. "Mimi nataka kitu kimoja. Akae chini. Akae mkekani siku moja, watu waje wampe pole, aitikie. Basi."

"Si umwambie?" nikasema.

Aligeuka kunitazama.

"Wewe kwenu unamwambia baba yako kaa chini?"

Kwetu mtoto hamkalishi baba. Lakini kwetu pia, manju, mwimbaji wa ngoma, akisimama uwanjani anaweza kumwimba mtu mkubwa uchoyo wake, uzinzi wake, hata mbele ya wakeze, na yule mtu mkubwa atatoa pesa na kumtunza, maana wimbo haupigwi kofi. Hilo ndilo kijana alilotegemea. Maneno ambayo kinywa chake kilikatazwa, uwanja uyaseme. Aliomba jambo moja tu, mchezo uonyeshwe pale machimboni, baba yake akiwa mgeni rasmi. Mwalimu akampa mkono wa ahadi.

Siwezi kumnyima Mwalimu haki yake. Alijua kuandika. Mwanzoni mtoto wa mchezo alikuwa mlevi kama walevi wote tuliokwisha kuwaona jukwaani, anayumba, anatapika, anapigwa na mama ntilie. Kadiri kijana alivyosimulia, Mwalimu alizidi kufuta. Ulevi ukapungua, ukimya ukaongezeka. Mwisho akatunga onyesho lisilo na neno hata moja. Mtoto anaingia na mkeka, anautandika mbele ya baba, anasimama pembeni na kusubiri. Baba anautazama. Anageuka kuondoka, anarudi. Anasimama muda mrefu kuliko watazamaji wanavyoweza kuvumilia. Halafu anakaa.

Tulipolifanya mara ya kwanza sawasawa, yule mchekeshaji mwenyewe alisahau kutania. Kijana alitoka nje, akasimama ameelekea ukuta.

Nikamuuliza Mwalimu kuhusu wale wachimbaji waliofukiwa pamoja na kaka, mbona hawatajwi.

"Mchezo haubebi watu wengi, bwana mdogo. Ukiwabeba wote, unazama."

Jibu lilinikaa vibaya.

Tulikwenda Geita baada ya mavuno ya pamba, tumepanda lori la mzee mwenyewe. Mwalimu alikuwa amemwambia mchezo unahusu maadili ya vijana, na mzee akafurahi, akasema vijana wanahitaji sana kuambiwa. Njia nzima ya Kahama tulikuwa tumekaa juu ya matimba mapya yaliyokuwa yakipelekwa machimboni.

Uwanja ulikuwa eneo wazi kati ya vibanda vya turubai na rundo la mawe. Mzee aliketishwa kwenye kiti cha kuegemea, mwanawe amesimama nyuma ya kiti. Na hapo ndipo tulipojua kuwa hatuko peke yetu. Mzee alitoa fahali kwa ajili ya sherehe, na kwetu palipo na fahali lazima ngoma zishindane. Upande wa pili wa uwanja walikuwa wamejipanga wacheza nyoka.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani kwamba kikundi kimoja kitamaliza kisha kingine kianze. Sivyo. Ngoma zetu hushindana kwa wakati mmoja, kila kikundi upande wake, na waamuzi ni miguu ya watu. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Mwalimu alizaliwa huku, alicheza ngoma hizo utotoni. Sijui ilikuwaje akasahau, au akadhani kwamba uchungu wa mtu unaweza kuwashinda chatu.

Mwanzoni tulikuwa na watu, kwa sababu mzee alikuwa upande wetu. Kisha ngoma ya upande wa pili ikapigwa, mtu akamtoa chatu kwenye gunia na kumvaa shingoni, na wachimbaji wakaanza kutuacha. Waliondoka kwanza wa nyuma, halafu wa katikati. Wakabaki wazee na waliokuwa na vidonda miguuni. Hata mzee alikuwa amegeuza shingo kuangalia nyoka. Mbele yangu nikaona migongo.

Mwalimu alikuwa pembeni, karibu na ngoma yetu. Nilimwona akimnong'oneza mchekeshaji sikioni, wakati huyo ameshashika mkeka tayari kuingia. Sikusikia alichomwambia. Sikuhitaji.

Mchekeshaji aliingia akiyumba. Akautandika mkeka, akaukosa, akaanguka pembeni yake. Akaufuata kwa magoti kama anayefukuza kuku, akiuita kwa jina la mwanamke. Mtu mmoja akacheka. Akageuka mwingine. Mchekeshaji akaanza kuiga sauti ya kijana, ile sauti yake ya kukatakata maneno ambayo tulikuwa tumeisikia kila siku ghalani: "Ba-baba, nataka, nataka kitu kimoja tu. Chupa moja!"

Uwanja ukapasuka. Watu wakakimbia kurudi, vumbi likapanda.

"Mwongezee, mtoto wa bosi!"

"Mleteni kwetu shimoni, pombe imtoke puani!"

"Mzee, mpe ng'ombe, kesho amnywe!"

Akaufikia mkeka, akalala chali, akaanza kukoroma.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na tumbo la matambara, sina neno, kwa sababu onyesho langu halikuandikiwa neno. Wakapiga kelele nimpige teke. Nikafikiri: nikifanya kama ilivyoandikwa, labda kitabaki kitu. Nikautazama mkeka. Nikageuka, nikarudi. Nikakaa kando ya yule anayekoroma.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Walidhani baba naye amelewa. Wacheza nyoka wenyewe walisimamisha ngoma kuja kuona.

Mzee alikuwa akifuta machozi kwa leso. Aliinuka, akaja hadi mkekani, akambandika mchekeshaji noti kwenye paji la uso, kama anavyotunzwa mwimbaji mzuri. Kisha akaniangalia.

"Wewe ndiye mimi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti umeipata. Lakini tumbo umenipunja." Watu wakacheka tena. Akageuka nyuma kumtazama mwanawe. "Umejiona, mwanangu? Nami nilidhani ni mimi tu nakuona hivi."

Kijana alikuwa bado ameshika mgongo wa kiti kitupu. Alisema, "Ndiyo, baba." Hayo tu.

Fahali alichinjwa pale pale, hatua chache kutoka duara jipya. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa nzuri. Mwalimu alikaa karibu nami na mfupa wake, hakuuanza.

"Sema," akaniambia. "Nakuona umenuna."

"Ulimpa mkono."

"Nilimpa. Na wangebaki wazee wanane na upepo. Angesikika na nani?" Akaonyesha kwa mfupa wale waliokuwa wakila. "Watazame hawa. Kila mmoja ana ndugu aliyefia kwenye shimo la tajiri. Unataka wamlilie mtoto wa tajiri? Mtoto wa tajiri haliliwi, bwana mdogo. Huchekwa, au huonewa wivu. Hakuna mlango wa tatu."

"Ungewataja ndugu zao, wangelia wote."

Akaanza kula. Nimeyafikiria maneno yake miaka mingi, na kinachoniudhi ni kwamba hakudanganya kuhusu wachimbaji. Alidanganya kuhusu nafsi yake tu. Alishinda, akapenda kushinda. Baadaye nilisikia mchezo umezunguka hadi Kahama na Mwanza kama ulivyochezwa siku ile, mlevi na mkeka wake, na kwamba pale mtoto anapolala chali watu huwa wanaanguka kwa kicheko. Lile onyesho la ukimya hakuna aliyeliona isipokuwa sisi wa ghalani.

Asubuhi iliyofuata sikupanda lori. Nilikwenda barabarani, na kijana alikuwa amekwisha kufika pale, amekaa juu ya jiwe, viatu vimejaa vumbi. Hatukusalimiana. Likaja gari dogo la mizigo.

"Linakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui. Wanasema Chato."

"Kuna machimbo huko?"

"Kuna samaki."

Akapanda. Njiani mimi, niliyezoea kuuliza kila kitu, sikuuliza. Alikuwa mzima kabisa, hajanywa, na nilitamani angekuwa amelewa.

Tulifika jua likiwa bado juu, tukatembea tukitafuta pa kulala. Ziwa lilikuwa linang'aa chini mwisho wa barabara, dagaa wameanikwa kila mahali. Tukaelekezwa kwa mama mmoja aliyepangisha vyumba kwa wavuvi. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo uani, redio imewekwa dirishani inaimba dansi kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, mayu," nikasema, kama kwetu tunavyomwita mama.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi mbona mmechakaa hivyo?"

"Geita," nikasema. "Tunatafuta chumba."

"Chumba kipo. Wachimbaji?"

"Hapana."

"Wachuuzi wa samaki, basi."

Nilikuwa natafuta la kusema. Mwenzangu akanitangulia.

"Tumefiwa," akasema. "Nimefiwa na kaka yangu."

Mwiko ukasimama.

"Oo, pole, mwanangu. Poleni sana. Mmezika wapi?"

"Hatujazika, mayu. Aliangukiwa na duara. Yuko huko huko chini, yeye na wenzake. Juu yao watu wanaendelea na kazi."

"Na wazazi?"

"Baba yupo."

Mama aliipua chungu, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda dirishani na kuzima redio. Aliingia ndani, tukasikia akifagia chumba, akisogeza kitanda. Alipotoka alikuwa amejitanda kanga kichwani.

Jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa uzio wa matete.

"Mbona umetuzimia muziki? Betri zimekwisha?"

"Hazijaisha," akajibu. "Nina wafiwa ndani."

Kisha tukasikia mlango wa jirani, na miguu inakuja. Kijana alikuwa bado amesimama katikati ya ua. Mama akamwonyesha kigoda kwa kidevu, kijana akakaa, na jirani alipoingia na kumpa mkono, akaitikia pole yake.