Kadi za Vyondo kwa Herufi za Kijapani

Sijawahi kuchukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia kompyuta yangu mwaka ule vyondo vya kina mama vilipotakiwa Japani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na duka dogo la kutaipu mjini Machakos. Kazi zangu zilikuwa mitihani ya shule, barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi, na kwa hayo kompyuta yangu kuukuu ilinitosha. Mama yangu alikuwa Muthetheni, katika kikundi cha wanawake wanaosuka vyondo, vikapu vya mkonge. Dada mmoja Mjapani, aliyewahi kufundisha shule ya huko, alirudi kwao akapata duka la kuviuza. Duka lilitoa sharti moja: kila kiondo kifike kikiwa na kadi yenye jina la mwanamke aliyekisuka, kwa herufi za Kijapani. Kisicho na kadi kisipakiwe.

Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Sijui nani aliniroga niseme vile.

Nilichukua majina kwa mwenyekiti wa kikundi, nikampelekea yule dada, naye akaniandikia yote kwa Kijapani kwa barua pepe. Nikaifungua, nikakuta visanduku vitupu na alama za kuuliza, mstari baada ya mstari. Nikamwambia atume tena. Akatuma. Visanduku vilevile. Kompyuta yangu haikuwa na herufi zao na haikuona haya kuonyesha hivyo. Akanishauri nichukue kwenye mtandao programu ya kuandikia Kijapani, ambayo ningeruhusiwa kuijaribu bure mwezi mmoja. Unataipu sauti kwa herufi zetu, nayo inakupa zao.

Kuichukua ndiko kulikonitoa machozi. Mtandao ulipita kwenye waya wa simu, nayo simu tuliitumia pamoja na jirani yangu, mzee wa Kiislamu aliyeuza vitambaa, na kila alipoinua mkono wa simu mtandao ulikatika nami nikaanza upya.

"Binti yangu," aliniita kutoka mlangoni, "hii simu ina nini leo? Inanguruma sikioni."

"Ni mimi, mzee. Naomba usiiguse kidogo tu."

"Sawa, sawa. Nampigia mtu mmoja wa Mombasa, halafu basi."

Alikuwa na watu wengi Mombasa. Siku nyingine ilikuwa yeye, siku nyingine stima kupotea. Programu ilipokubali hatimaye kuingia, nilikuwa nimeshamaliza matusi yote ya Kikamba ninayoyajua.

Wala haikuwa mwisho. Nilizoea kubonyeza kitufe cha nafasi kila nikimaliza neno, na programu ile ilidhani naiomba initafutie neno la Kijapani lenye sauti hiyo. Nilituma kadi za kwanza kwa yule dada azikague, akanijibu kwamba mama mmoja nimemwandika kitu kuhusu farasi. Nikarudia jina kwa jina, vidole vikiogopa kile kitufe, na chini ya kila jina nikaandika kwa penseli ni la nani, kila sauti chini ya herufi yake, maana mimi nilikuwa siwezi kutofautisha herufi moja na nyingine. Nikachapisha karatasi nyingi, za kutosha na za akiba. Nilijiona msomi.

Mama akaja mjini kuzichukua siku moja kabla ya gari la mzigo kufika Muthetheni. Nikamsomea majina yote nikimwonyesha kadi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtaja rafiki yake.

"Yake iko wapi?"

Rafiki yake huyo alikuwa amepatwa na kiharusi miezi iliyopita. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala.

"Mwaitu," nilimwambia mama, "huyo hakusuka hata kimoja. Wajapani wanataka jina la mwenye kusuka."

"Tulisukia kwake."

Nilielewa, na kuelewa kulinizidishia hasira. Kikundi chao kilikwenda kwa mwethya: leo wote wanakaa kwa huyu wanasuka vyondo vya nyumba yake, kesho kwa mwingine. Siku ya mgonjwa ilipofika hawakumruka. Walikaa uani pake, yeye akiwatazama kutoka kitandani kupitia mlango, wakasuka fungu lake kama la kila mtu. Vyondo vile vilikuwa vyake. Lakini mimi niliomba majina ya wanaosuka, na mwenyekiti wao akanipa majina ya wanaosuka.

"Kama haiko na kadi itaachwa," mama alisema. "Na yeye hana kitu kingine mwaka huu. Ni jina moja tu. Andika."

Jina moja tu! Nikafungua programu. Ikaniandikia kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba mwezi wangu wa kujaribu umekwisha, ninunue. Nikairudisha tarehe ya kompyuta nyuma. Ikanijua. Nikaifuta nikaiingiza upya. Ikanijua tena. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka mzee wa vitambaa akachungulia. Nikajaribu kuchora herufi kwa kalamu nikiiga karatasi, ikatoka kama kuku amepita kwenye majivu. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, mbele ya mama, mtu mzima mwenye duka lake.

Mama hakunibembeleza. Alikuwa akizigeuzageuza karatasi za akiba.

"Hii ndogo ni nini?"

"Ni kipande cha sauti. Wao wanaandika kipande kwa kipande. Hiki ni 'ka'."

Nikaivuta karatasi karibu. "Ka" ilikuwa kwenye jina la mama. Ilikuwa pia kwenye jina la rafiki yake. Nikafuata alama zangu za penseli nikitafuta kilichobaki: kimoja kwa mwenyekiti, kingine kwa jirani yao wa ng'ambo ya mto, kingine kwa mama aliyeandikwa farasi. Nikachukua wembe na gundi. Jina lilipokamilika lilikuwa limepinda kidogo, nikalitoa fotokopi mpaka mistari ya gundi ikafifia.

Tulifika kwa mgonjwa asubuhi, kabla ya gari. Mama alimwekea kadi mkononi, ule mkono unaofanya kazi. Mgonjwa alikuwa anaongea polepole, kwa nusu ya mdomo.

"Ni mimi hii?"

"Ni wewe," mama alisema, akaweka kidole. "Hapa tumekata kwangu. Hapa kwa mwenyekiti. Hapa ni wa ng'ambo ya mto. Yako ilikuwa imekosekana kwa mashine."

Mgonjwa akapeleka kidole chake palepale mama alipoanzia, akakiacha hapo.

"Basi muniachie moja," alisema. "Siku mkiwa shambani wote, nami niko na nyinyi."

Nilitoka nje kufunga kadi zilizobaki kwenye vyondo. Nilikuwa bado naichukia ile kompyuta, na fundo la kwanza nililifunga vibaya kwa sababu sikuwa naona vizuri.