Goli ya Oli Kule Koboko

Hapana, mguu yangu haikugusa ile mpira. Hata ukucha. Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguu nimekunja ndani ya gauni kama mtoto ya heshima, mkono ya Jidi, babu yangu, iko juu ya bega yangu. Kitu moja tu ilikuwa inakimbia: mdomo. Kwa hiyo wale wanaosema mpaka leo kwamba Hawa ya Oli alifunga Koboko goli, waseme vizuri nilifunga na nini.

Nyinyi wenzangu, ambao magoti yenu inalia kama mlango ya zamani, mnakumbuka mpira yetu ya utoto. Tulikuwa tunakunja maganda ya mgomba, tunafunga na kamba, halafu juu tunavalisha soksi ya mutu ambaye hajajua bado kama soksi yake imepotea. Tulicheza pale chini karibu na mto Oli, wavulana na wasichana pamoja. Mpira ikiingia maji inakuwa nzito kama jiwe ya kusaga. Ukiipiga na kichwa unasahau jina ya baba yako. Leo mjukuu yangu iko na mpira ya ngozi, iko na viatu yenye meno chini, na amekaa kwa kiti anacheza na vidole gumba kwa simu. Namuuliza, "Mtoto yangu, umeshinda?" Ananijibu kwa ile sauti yao ya usingizi, "Eee, Habuba, tano bila." Na jasho haiko.

Shule mimi niliijua kwa dirisha. Nilikuwa napeleka chakula ya kaka yangu, nasimama pale nje kidogo, na nikirudi nyumbani niko na mwalimu mzima ndani ya shingo: "Kaaa chini! Nani ametoa upepo?" Mama anacheka mpaka anaweka mwiko chini, halafu anakumbuka yeye ni mama, anakunja uso: "Hawa, Mungu alikupa mdomo moja. Hizi zingine umeiba wapi?"

Gari ya sinema ikija Arua, ndiyo hiyo midomo yote inapata kazi. Wanafunga shuka nyeupe kwa miti mbili pale uwanjani, mji yote inakuja na mikeka na simsim ya kukaanga. Sinema inasema kizungu, sisi hatusikii neno hata moja. Basi watoto wananisukuma mbele: "Hawa, sema!" Yule mzungu mwenye farasi nilimpa sauti ya muuza nyama yetu: "Mama, hii ni sarara, si mfupa, angalia vizuri!" Na yule bibi mwenye kofia anayelia, nikampa shangazi yangu: "Mimi narudi kwetu Vurra leo leo, na sufuria yangu yote!" Watu walilia na kicheko. Mpaka leo sijui ile sinema ilikuwa inasema nini. Kwangu mimi ilikuwa maneno ya nyama. Siku hizi wajukuu wanakwenda kwa kibanda ya video, kijana moja anawatafsiria na spika kubwa, na analipwa. Mimi nilifanya bure, na mbu wananila.

Lakini kazi yangu ya kweli ilikuwa Jidi, baba ya baba yangu. Alikuwa askari ya zamani, mrefu, na macho yake ilikufa yote mbili kabla mimi sijaota meno ya pili. Mpira haikufa ndani yake. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri ananipa ncha ya fimbo, namvuta mpaka uwanjani, tunakaa karibu na mstari, ananigonga bega: "Kamata mpira." Maana yake, anza kusema. Na mimi sikuwa nasema tu nani amepiga. Kila mutu nilimpa sauti yake, ndiyo Jidi amuone. Refa alikuwa fundi cherehani. Pande zote walimkubali kwa sababu aliogopa wote sawasawa. Alikuwa anatoka kwa kazi na pini bado iko mdomoni, basi faulo yake inapita kwa pua: "Nnh! Nnh!" Adriko, mfungaji yetu, aligombana na mpira kama na mke: "Kuja hapa! Unakwenda wapi? Nimekwambia kuja!" Jidi anacheka mpaka kofia inaanguka. Mwisho watu wengine walikuwa wanakaa karibu na sisi, mgongo kwa uwanja, uso kwangu.

Jidi alikuwa na maneno yake, na mimi nimelea watoto yangu wote na hayo maneno. "Mpira ni mgeni, ukimvuta kwa nguvu, atalala kwa jirani." "Ukifungwa, salimia. Ukifunga, salimia mara mbili." "Mutu anayelaumu refa, miguu yake imechoka." Hiyo ya mwisho alisema wakati ya mapumziko, baada ya kutukana refa tangu mwanzo, yeye amekaa.

Kitu moja tu ilimkaa rohoni. Oli, timu ya mtaa yetu, ilikuwa haijashinda Koboko kule kwao Koboko, tangu yeye bado iko na macho. Hapa kwetu tuliwapiga. Kule, hapana. Alikuwa anasema, "Nataka nisikie hiyo na haya masikio kabla hawajaiwekea pamba." Na mwaka ile kifua yake ilianza kuwa mbaya. Bibi yangu, Habuba ya wakati ile, akamwambia, "Mzee, unakohoa kama lori, unakwenda Koboko kutafuta nini?"

"Goli," akasema.

Tukapanda lori ya tumbako. Wachezaji na yule refa ya pini juu ya magunia, Jidi mbele na dereva, mimi katikati. Vumbi ya njia na tumbako pamoja! Timu yote ilifika Koboko inapiga chafya, watu wakafikiri tumeleta ugonjwa.

Pembeni ya uwanja mama moja alitupokea vizuri, Mama Rajabu, mutu mnene, sauti tarumbeta. Alitupa chai ya tangawizi na mandazi ya moto, akamfuta Jidi vumbi kwa uso na leso yake kama vile ni baba yake. Halafu akageuka akaita mtoto yake, ambaye ndiye golikipa ya Koboko: "Rajabuuu! Maji iko wapi!" Yule kijana, mabega kama kabati, aliacha kufunga kiatu, akajibu "Naam, mama!", akakimbia na jerikeni, mguu moja wazi. Hiyo sauti ya mama niliimeza pamoja na chai.

Mpira ilikuwa ngumu. Rajabu alishika kila kitu, hata vumbi alishika. Adriko aligombana na mpira mpaka sauti ikakauka. Jua ikaanza kushuka upande ya Kongo, bado bila bila. Jidi hacheki tena. Mkono yake juu ya bega yangu imekuwa nzito, na nasikia kifua yake nyuma yangu inapiga filimbi kuliko refa. Hapo Adriko akapata mpira, iko peke yake.

"Ni nani hii golikipa inayotunyima hivi?" Jidi akauliza.

Na mimi, kama kawaida yangu, sikumjibu na jina. Nilimpa sauti, na kwa sababu kelele ilikuwa nyingi, nilifungua shingo yote: "Rajabuuu! Maji iko wapi!"

Rajabu akageuka. "Naam, mama!"

Mpira ya Adriko ikapita karibu na sikio yake, polepole, hata haikuwa na haraka.

Wee! Oli wakaruka juu. Koboko wakaingia uwanjani kama nzige. Mama Rajabu akaacha birika, anakuja na kijiko mkononi: "Nani amenivaa mimi kwa mdomo yake? Nani?" Refa akatema pini zote, mara ya kwanza nasikia sauti yake ya kweli, na ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga: "Jamani, mimi niko na watoto nyumbani! Ulizeni mzee!"

Enzi zile, kesi ya mpira ikishinda refa, inapelekwa kwa mutu mwenye umri kuliko wote uwanjani, na neno yake haipingwi. Watu ya Koboko wakatafuta mzee kati yao. Huyu hapana, huyu mtoto ya juzi. Kila wakihesabu, umri inaangukia kwa Jidi. Mutu ya Oli. Na haoni! Adriko alikuwa ameanza kucheza ngoma.

Jidi akasimama. "Rajabu iko wapi? Kuja. Kwa nini uligeuka?"

"Mama aliita, Jidi."

"Hukuona mpira inakuja?"

"Niliona."

"Sasa si ungekaa kimya kidogo, ushike mpira kwanza?"

Yule kijana akamwangalia Jidi kama vile amesikia tusi. "Na mama anaita?"

Adriko akaacha ngoma yake. Nikamvuta Jidi kanzu, nikamwambia chini chini, na sauti yangu mwenyewe, ambayo sikuwa naitumia sana: "Jidi, ni goli yako hii. Sema ndiyo." Jidi alikuwa amegeuza uso upande ya Rajabu, kama mutu anayetazama.

Mimi leo nikiita kwa nyumba yangu, naita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chakula inapoa. "Habuba, subiri, dakika tisini bado!" Wanalia machozi ya kweli kwa timu ya Ulaya ambayo haijui Arua iko wapi, na mimi mwenyewe nalia pamoja nao, nisiwadanganye, napenda mpira mpaka kesho. Golikipa hawa ya kwenye televisheni wanashika mpira kuliko Rajabu, wanaruka kama paka. Lakini nikiwaangalia nasema, huyu, mama yake akiita, je? Sisi hatukuwa na viatu. Hatukuwa na wavu. Goli ilikuwa miti mbili na ubishi. Lakini sauti ya mama ilikuwa inapita mpira, inapita mto, inakukuta popote, na miguu inageuka yenyewe kabla kichwa haijafikiri.

Jidi hakupata safari nyingine ya Koboko. Mvua iliyofuata tulimzika. Na nafikiri pale uwanjani, amesimama na ile kifua, alijua.

Akasafisha koo.

"Mtoto ameitikia mama yake," akasema. "Goli haiko."