Walitaka Sauti Moja

Sijui nani aliwaambia wakubwa wa muziki kwamba nchi nzima inaweza kuingia katika koo la mtu mmoja. Lakini walikuja Kamina, mji wetu wa reli, na wazo hilo, watu watatu kutoka mji mkuu, na viatu vya kung'aa ambavyo vumbi letu jekundu lilivimaliza kabla hawajafika hotelini. Ilikuwa kiangazi, nchi ilikuwa imetoka tu kubadilisha jina, na ilikuwa imealikwa kupeleka mwimbaji mmoja kwenye mashindano ya nyimbo ya mataifa huko Ulaya. Walikuwa wanapita mji kwa mji kumtafuta huyo mmoja. Mmoja, si wawili. Hapo ndipo ugomvi wangu na wao ulipoanzia, na sijaumaliza mpaka leo.

Mimi na dada yangu tulikuwa mapasa, yaani pacha. Baba alifanya kazi kwenye treni, mama aliuza sokoni samaki wakavu kutoka Kinkondja. Kwetu sisi Waluba, mapasa ni watu wa kuogopwa kidogo. Ukimpa mmoja ndizi, mwenzake naye apate ndizi, na isiwe ndogo. Ukimchapa mmoja, umchape na mwenzake, hata kama yeye alikuwa kanisani akisali. Nilichapwa sana kwa makosa ambayo sikuyafanya, na dada yangu alicheka huku machozi yakimtoka, maana fimbo ilikuwa inamfuata na yeye. Hakuna aliyetuketisha chini kutueleza sababu. Tulijua tu kwamba vitu visipolingana, mmoja hukasirika na kuondoka, na akiondoka humvuta mwenzake.

Wimbo wetu tuliutunga jikoni, tukichagua samaki, tukiwatoa mchanga mmoja mmoja. Ulihusu mwanamke anayengoja treni iliyochelewa mpaka anasahau alikuwa anamngojea nani. Dada aliimba maneno. Mimi niliingia chini yake, kwa sauti nzito, nikimshikilia asianguke. Kwenye korali ya kanisa walitaka kututenganisha, yeye aende kwa soprano, mimi nibaki alto, basi tukakataa kusimama mbali, tukasimama pale safu mbili zinapokutana, bega kwa bega. Mwalimu wa korali alichoka na sisi akatuacha.

Siku ya kuchaguliwa, ukumbi wa watu wa reli ulijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Tulipomaliza kuimba wamama wakaanza vigelegele. Mkubwa wa wale watatu, mwanamume mwenye miwani na sauti ya upole, ya upole mno, alituita pembeni pamoja na wazazi wetu.

“Mama, baba, félicitations,” akawapongeza. “Tunamutwala huyu.” Akamwonyesha dada kwa kidole: yeye ndiye wangemchukua.

Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akidhani hakuona vizuri. “Na mwenzake?”

“Mama, regleman inasema sauti moya. Solist. Paka moya.” Kanuni, mwimbaji mmoja tu.

“Minyi sikuzala moya,” mama akasema. “Ukiita moya, babili banakuya. Ni vile tu, papa.”

Yule mtu akacheka, akidhani mama anatania. Mama hakuwa anatania. Nilichotaka mimi siku ile kilikuwa kitu kimoja tu: tusitenganishwe. Jukwaa nililitaka pia, nisidanganye, Ulaya niliitaka, lakini kama ingekuwa ni kubaki jikoni wote wawili ningekubali bila kununa. Dada naye alisema haendi. Tulibishana nyumbani siku nyingi. Baba ndiye aliyelainika kwanza, kwa sababu wenzake wa reli walikuwa wanamsimamisha njiani na kumpongeza, na mtu ambaye maisha yake yote amepongezwa mara chache hawezi kujitetea. Mwisho dada akaniambia, “Minaenda, minashinda, halafu minabaambia: sasa mulete mwenzangu.” Nilimwamini. Ningefanya nini kingine?

Kabla hajasafiri, wale watu walileta kitambaa cha satini, bluu kama bendera mpya, ashonewe nguo ya jukwaani, gauni refu la kuburuta chini. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka mezani, akachukua mkasi akakikata katikati. Nusu kwa dada, nusu kwangu. Fundi akatushonea blauzi mbili zilizofanana, na tulipozivaa mama alitushangilia akatuzungusha uani ili majirani watuone. Watu wa siku hizi wakisikia habari hii hutaka kuniambia mama alitabiri kwamba nchi itakatwa vipande. Aka! Mama alikuwa anakata kitambaa.

Mtu wa miwani alipokuja kuona gauni, alikaa chini. Kweli, alikaa chini kwenye kiti cha samaki.

“Mama, munaharibisha kikwembe ya Serikali!”

“Haiharibike,” mama akasema kwa furaha yote. “Iko mablauzi mbili. Angalia, iko sawasawa.”

Wakazichukua zote mbili. Fundi alikesha akizifumua na kuziunganisha kuwa gauni moja, fupi kuliko walivyotaka, lenye mshono mnene ulioshuka kuanzia shingoni mpaka chini. Dada alipanda treni ya Lubumbashi na gauni hilo kwenye sanduku. Mama alikuwa ametupaka sisi wote wawili pemba usoni, ule udongo mweupe wa mapasa, ingawa baba alinong'ona kwamba wakristo wenzake wa reli wanaangalia. Halafu treni ikaondoka na mimi nikabaki na pemba usoni na mikono mitupu. Ilikuwa mara ya kwanza mwenzangu kupewa kitu nami nikakosa. Mama alinipeleka sokoni siku hiyo hiyo akaninunulia viatu, sandali, hereni, chochote alichokiona. Aliona mwenyewe kwamba havilingani.

Fainali ya nchi ilifanyika Lubumbashi na tuliisikia kwenye redio ya jirani, uani, watu wa mtaa mzima wamejazana. Dada alipoanza kuimba, niliingia chini yake kama kawaida, bila kufikiri, nimesimama kati ya majirani zangu, mpaka mmoja akanibinya mkono ninyamaze wasikie. Alishinda. Nchi imemchagua, akasema mtangazaji. Mama alicheza hapo uani mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, nami nilicheza naye, na moyoni nilikuwa naanza kupanga vitu vyangu.

Kisha vita vikaanza tena, vile vya pili, baada ya vile vilivyoibadilisha nchi jina. Treni zikachukuliwa na askari. Ndege za nchi zilizokuja kusaidia serikali zikawa zinatua pale Base, uwanja wa ndege wa jeshi nje ya mji, mchana kutwa, na watu wa Kabongo wakaanza kufika kwa miguu na kwa baisikeli, magodoro kichwani. Safari ya Ulaya ikaahirishwa. Kila tulipompigia dada kwa foni, ile redio ya kupigiana kelele mji kwa mji, chumba kizima kikisikiliza, alisema hivyo hivyo: wamesema wiki ijayo kuna ndege, nikirudi Kamina sasa nitaikosa. Baba akamwambia arudi. Akasema, “Baba, na mwenzangu atapita wapi kama minyi narudia?” Alikuwa bado anajaribu kunitafutia nafasi. Mashindano yakafanyika huko Ulaya bila nchi yetu, naye bado alikuwa kwa baba mkubwa, Lubumbashi, sanduku limefungwa, anangoja.

Mwisho tuliitwa foni siku ambayo si yetu. Sauti ya baba mkubwa ilikuwa inakuja na kupotea. Mwenye foni, kijana ambaye si Muluba, alimsikiliza kisha akaturudia maneno kama alivyoyapokea: “Anasema, mumupake pemba mutoto mwenye kubakia. Ni hivyo tu. Munajibu nini?”

Kijana akauliza tena, à vous, à vous, yaani zamu yenu, akidhani hatukusikia. Kwetu pacha akifa haisemwi amekufa. Anapakwa pemba yule aliyebaki, ili aliyetangulia asigeuke nyuma kumwita. Ilikuwa tifoide, tulijua baadaye, na dawa zilikuwa zimeadimika.

Na pacha haliliwi. Hilo ndilo sitaki kulisamehe, ingawa najua sababu yake vizuri kuliko mtu yeyote. Ukilia, unamwonyesha yule aliyeondoka kwamba aliyebaki hana raha, naye atarudi kumchukua. Basi walikuja wanawake, wakanipaka pemba uso mzima na mikono, wakaimba nyimbo za mapasa, zile za matusi, za kuwataja baba na mama kwa sehemu za mwili ambazo hazitajwi, na mama yangu alikuwa katikati akiitikia na kukatika kiuno, macho makavu. Mama aliyemzaa! Nilimchukia. Nilisimama pale nimepakwa kama ukuta mpya, na kila mdomo wangu ulipotetemeka shangazi mmoja alinifinya. Baba alienda kukaa kwenye reli, nyuma ya bohari, peke yake. Yeye ni mwanamume na hakuna aliyemfuata kumchunguza.

Tukaishi hivyo. Vita vikakaribia, vikarudi nyuma, vikakaribia. Sikuimba tena kanisani, mwalimu wa korali aliniomba mara kadhaa akaacha. Nyumbani, dada hakutajwa. Mama aliendelea kununua vitu viwili viwili, kanga mbili, vikombe viwili, na vile vya pili aliviweka chini ya kitanda chake.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa zimeshika ndipo yule mtu wa miwani alipotokea mlangoni petu. Alikuwa amekuja kwa ndege ya jeshi hadi Base, na kutoka Base kwa baisikeli, suruali imejaa matope. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichagua samaki. Aliponiona alishusha mikono yake yote miwili, akapumua.

“Kumbe njo hapa uko!” akasema. “Tumekutafuta Lubumbashi yote. Nyumba ya baba yako mukubwa, tunakuta bantu bengine. Bananiambia labda ulirudia kwenu.”

Mama alitoka jikoni akapangusa mikono, akampa kiti. Yule mtu akaeleza haraka haraka, maana rubani hangojei: mwaka huu nchi inapeleka mwimbaji, pesa za safari zimepatikana, na hawataki kuchagua upya, kwa sababu chaguo lilishafanyika na nchi nzima ilisikia redioni. Gauni lingetafutwa jingine. Nijiandae tu.

Nilimtazama mama. Hakumsahihisha. Aliniangalia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ya fainali, ukiomba.

“Ya moya iko ya bote babili,” akasema polepole. “Ni haki yako, mama yangu. Enda.”

Alinimaanisha mimi, akiniita mama yake kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. Na niseme kweli, kwa muda mfupi nilisimama moyoni nikaenda. Nilijiona nimefika huko, taa zimewaka, wanatangaza nchi yangu, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angejua. Hivyo ndivyo mizani ingelingana. Mama angepata usingizi.

Yule mtu akatabasamu, akafungua mwavuli wake, na kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani kabla ya kuaga, akasema:

“Na ule mwenzako, ule tuliacha, iko muzima?”

“Njo minyi,” nikamwambia, ndiye mimi. “Minyi njo ule muliacha.”

Hakuelewa mara moja. Akanitazama, akamtazama mama, akatazama ndani ya nyumba, halafu nikaona ameelewa, maana alivua miwani. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Kilio kilitoka chote kwa mpigo, cha mwaka mzima, mbele ya mgeni, na mama aliruka akanishika kichwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaniziba kinywa.

“Nyamaza,” aliniambia sikioni, “nyamaza, atakusikia, atakuya kukubeba na weye, nyamaza, mwanangu.” Kiganja chake kilinuka samaki. Nilijaribu kuacha, kwa ajili yake nilijaribu, nikashindwa, naye hakuniachia, akaendelea kubana, na nililia ndani ya mkono wa mama mpaka mkono ukalowa.