Nilivyokabidhiwa Njiani

Mie mbio sikuzianza kwa kutafuta afya. Nilizianza kwa hasira. Enzi hizo nafundisha shule ya msingi huko Tandika, darasa limejaa mpaka dirishani, nikitoka pale kichwa kinavuma. Nikivaa raba nikaelekea njia ya Pugu, nikirudi nimekuwa mtu tena. Hasira zikaisha, mbio zikabaki. Nikaanza na zile fupi za Jumapili, nikaja marathoni, mwisho nikaangukia zile ndefu za kutwa nzima, ambazo majirani wakizisikia wanauliza kama kuna mtu ananidai. Medali nilikuwaga nazitundika kwenye msumari wa kalenda. Mume wangu akawa analalamika kwamba haoni tarehe.

Halafu moyo ukapanuka. Ndivyo alivyosema daktari, umepanuka, utadhani ni jambo la kupongezwa. Miguu ilianza kuvimba nikasema ni viatu. Pumzi ikaanza kunikatika nikifua mashuka, nikasema ni joto la Dar. Siku niliposhindwa kupanda ngazi za kanisani, mume wangu alinibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Ni mwanamume mfupi, mchonga vinyago kutoka Kusini, magoti yake mwenyewe mabovu, na mimi si mwepesi. Nilisikia anavyohema nikaona haya kuliko nilivyoona uchungu.

Nilipotoka wodini nilipewa vidonge vya kumeza maisha yangu yote. Kimoja ni cha kupunguza maji mwilini, ukishakimeza usiende mbali na choo. Mume wangu akashika jiko. Kila nikisukuma sahani ananiambia mwili haujengwi kwa matofali, nile. Nikawa nakaa barazani nawatazama watu wanaowahi kituoni wanavyokimbia bila kujua kwamba wanakimbia, na wivu unanila. Nasema kweli, niliwaonea wivu mpaka kuku.

Baada ya muda mrefu daktari aliniruhusu kutembea, kisha kukimbia polepole, kwa sharti nisiwe peke yangu. Hapo ndipo nilipoingia kwenye kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Hawa ni wale wa Jumapili alfajiri, fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo njia nzima. Zamani nilikuwa nawacheka. Nilikuwa nasema mtu anayeimba huku anakimbia hakimbii, anatembeza sauti.

Kumbe wana sheria zao, na hawana mchezo nazo. Mzito kuliko wote anawekwa mbele na hapitwi na mtu, mwendo wake ndio mwendo wa wote. Na mkitoka naye mnarudi naye. Ikitokea mtu kashindwa njiani, haachwi hivihivi. Anakabidhiwa mkono kwa mkono kwa mtu mwingine, awe ndugu yake au mwenye duka au yeyote mwenye akili timamu, na huyo lazima aseme, "Nimempokea." Bila neno hilo kikundi kizima kinakaa palepale. Niliwahi kuwaona wamekaa nje ya genge huko Mbagala asubuhi nzima kwa sababu mwenzao kateguka mguu na mwenye genge hajaja.

Mzito wao nikawa mimi. Mie niliyekuwa nawaacha vijana milimani, sasa nawekwa mbele kama bibi harusi, na nyuma yangu watu wanapiga hatua fupifupi wasinikanyage visigino. Niliumia, lakini nilikwenda kila Jumapili.

Mwaka huo yakatangazwa mashindano ya mbio ndefu, kilomita hamsini, kuanzia Pugu kupitia vilima vya msituni mpaka upande wa Kisarawe na kurudi. Wanne kwenye kikundi walitaka kujaribu, hawajawahi kukimbia umbali huo maishani mwao. Walifanya mazoezi masika yote, matope mpaka magotini. Mmoja wao alikuwa dada anayekaanga samaki, na alikwishawaambia wanawe wamsafishie ukuta pa kutundika medali. Nikasema na mimi naandikisha. Nilitaka kumaliza mara moja tu, mara ya mwisho, nikae barazani nikiwa nimeacha mbio mwenyewe badala ya mbio kuniacha. Daktari alishusha pumzi ndefu akasema nitembee kwenye miinuko yote na nikiona dalili nisimame. Mume wangu alisema sikio la kufa halisikii dawa, akanuna mpaka chumvi akawa anaiomba kwa kidole.

Lakini asubuhi ya mashindano alikuja Pugu amevaa shati lake la kanisani. Mbele ya watu wote akaushika mkono wangu, akauweka kwenye mkono wa mwenyekiti wetu, mmoja wa wale wanne, fundi makochi, umri wa kitinda mimba wetu.

"Nakukabidhi mke wangu," akamwambia. "Umrudishe anatembea."

"Nimempokea, mzee," mwenyekiti akajibu.

Watu wakapiga makofi. Mie nikajiona mbuzi wa mahari, nikamwambia mume wangu aende akatafute chai.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kulikuwa na ubaridi, vumbi limelala, na nilikuwa naukumbuka mwili wangu kama unavyoikumbuka nyumba uliyowahi kupanga. Tulipoingia vilimani mambo yakageuka. Pumzi haikuwa inafika chini, inaishia kooni inarudi. Maumivu sikuwa nayo, wala kizunguzungu. Nguvu tu hazikuwepo. Nauambia mguu nenda, upo tu. Kwenye mwinuko nikatembea, kwenye tambarare nikatembea, na kwenye mteremko, ambako hata gunia linakwenda, nikatembea.

Wakimbiaji wakatupita, kwanza wenye miili ya mbio, kisha wenye vitambi, kisha mzee mmoja aliyevaa suruali ya kitambaa. Wenzangu wanne wapo nyuma yangu, wanaimba kwa sauti ya chini kama watu walioko msibani. Nikawaambia watangulie. Wakasema hapana. Nikawaambia kwa ukali, ukali wangu wa darasani, wakacheka wakaniita mwalimu. Nikanyamaza kwa sababu kugombana kunamaliza pumzi.

Shida ni kwamba waandaaji walikuwa wameweka muda wa mwisho pale nusu ya njia. Ukifika muda huo umepita, unatolewa. Wenzangu walidhani tunachelewa kidogo tu, tutafidia mbele. Mie mbio ndefu nazijua. Nilipoona jua lilipofika nikajua kwamba kwa mwendo wangu hakuna hata mmoja wetu atakayepita pale, na masika yote yale yatakuwa bure kwa ajili ya miguu yangu. Nilijaribu kukimbia. Nilijaribu kwa kila nilichonacho, nikaomba Mungu, nikautukana mwili, nikaubembeleza. Haukusogea.

Nyuma yetu lilikuwa linakuja gari la kuokota walioshindwa, Noah nyeupe, linatambaa. Nikalisimamisha. Mwenyekiti akaja mbio, akasimama kati yangu na mlango. Akasema wote wanapanda au wote wanaendelea.

"Mama, mzee alinikabidhi mimi," akasema. "Nitamwambia nini?"

Nikakaa chini palepale vumbini, nikalia. Sikulia kama mtu mzima, nililia kwa sauti. Nilikuwa sina uwezo wa kukimbia, na sasa nakosa hata uwezo wa kuacha kukimbia. Yule dada wa samaki alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu ambacho tayari kimefungwa. Hakuthubutu kunitazama.

"Basi nikabidhi," nikamwambia mwenyekiti.

"Kwa nani?"

"Kwa huyu dereva. Nikabidhi, mwanangu, nakuomba."

Akauacha mlango. Kisha akaninyanyua, akanipangusa vumbi la sketi kama mtoto anayepelekwa shule, akanipeleka dirishani. Dereva alikuwa anakula karanga. Akaelezwa, hakuelewa, akaelezwa tena. Akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaupokea wangu.

"Nimempokea," akasema.

Nikapanda, nikakaa mbele. Wao wanne wakaangaliana. Wakageuka wakaanza kukimbia. Sijawahi kuwaona wanakimbia hivyo, Jumapili zote zile sijawahi, kwa sababu siku zote mimi nilikuwa mbele yao. Hatua zilikuwa ndefu, mabega yametulia, yule dada wa samaki katangulia. Walimpita mzee wa suruali ya kitambaa, wakawapita wenye vitambi, wakakata kona ya kilima wakapotea.

Dereva alikuwa bado hajaweka gia.

"He, mbona wana mbio hivi?" akaniuliza. "Sasa muda wote huo walikuwa wanafanya nini huku nyuma?"

"Walikuwa na mimi," nikamjibu.