Chai ya Gesi Kule Bokoli

Nimejenga mitambo ya gesi ya kinyesi cha ng'ombe miaka mingi, Kitale hadi Bungoma, lakini aibu niliyoipata juzi Bokoli bado inanichekesha nikiwa peke yangu.

Mama Nekesa aliwaalika majirani waone mtambo niliomjengea. Wengi walitaka wajengewe pia, ila waliapa chai ya gesi hiyo lazima inuke kinyesi. Nilifika nimechelewa, nikakuta vikombe vimeshajazwa. Nikasimama kifua mbele, nikanywa changu mpaka mwisho.

"Kuna anayesikia harufu?" nikauliza.

"Mimi nasikia moshi," akasema Mzee Wafula.

"Ni pua yako imezoea kuni, mzee! Gesi haina moshi. Utamu kama huu kuni zitautoa wapi?"

Watu wakacheka. Kichwa kikanivimba, nikaomba kikombe kingine.

Mama Nekesa akanivuta shati. "Fundi, nyamaza bana. Hiyo chai ni ya kuni. Si jana uliondoka na kile kishikio cha kufungulia gesi? Nimekupigia, simu imezima. Sasa ningewaacha wageni bila chai?"

Alidhani ananong'ona. Boma zima lilisikia. Nilikuwa nimekitoa kishikio watoto wasichezee gesi. Nikatia mkono mfukoni mwa koti, nikakikuta kimetulia humo.

Mzee Wafula akamwaga machicha, akaninyooshea kikombe kitupu.

"Haya, daktari wa pua," akasema. "Sasa tupikie ile ya ng'ombe."